Picha ya Kichwa cha Bosi

Alama ya kwanza niliiona mimi, mjukuu wangu akiwa na miezi mitatu, nikimwogesha kwenye beseni. Ilikuwa nyeupe, pembeni mwa nyonga, imechongoka upande mmoja kama jani. Nikadhani ni povu la sabuni. Nikaimwagia maji, haikutoka. Baada ya wiki nilihesabu nne, baadaye saba. Nilimpaka mafuta kila jioni na kujiambia kwamba ngozi ya mtoto mchanga hubadilika. Sikumwambia mama yake mpaka alipoziona mwenyewe.

Mama yake ni binti yangu wa pekee. Anafua mashuka ya hoteli, na mumewe ni dereva wa malori, wiki tatu barabarani, wiki moja nyumbani. Kwa hiyo mtoto nilimlea mimi. Tulimwita Bosi, maana alianza kutuamrisha kabla hajajua kusema. Ananyoosha kidole, anakunja uso, na usipofika haraka anapiga kelele kama mkuu wa ofisi aliyecheleweshewa ripoti. Mkwe wangu akirudi safari husimama mlangoni na kupiga saluti. "Bosi, gari limefika salama!" Naye hucheka mpaka kwikwi inamshika.

Degedege lilimwanza akiwa na miezi saba. Sikulitambua, kwa sababu halikufanana na lile nililolizoea. Alikuwa anainamisha kichwa ghafla na mikono inamruka mbele, kama mtu aliyesinzia kwenye kiti akashtuka. Mara moja, mara mbili, mara ishirini mfululizo, kisha analia. Mimi nilisema ni gesi. Zahanati walisema ni homa. Ulipita karibu mwaka kabla hatujafika kwa mtu aliyejua.

Mtu huyo alikuwa daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa, mama wa makamo mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Mimi siku hiyo nilibaki nyumbani, goti lilikuwa linanisumbua, lakini binti yangu alinisimulia. Daktari alizima taa, akavuta pazia, akammulika Bosi kwa kitochi chenye mwanga wa zambarau, na alama zote zikawaka kama vipande vya karatasi, hata zile ambazo hatukuwahi kuziona. Zilikuwa kumi na tatu. Akasema alama za aina hiyo zikiandamana na degedege, huwa zina ndugu zake ndani ya kichwa, na ndugu hao hawaonekani ila kwa picha. Akaandika dawa ya asubuhi na jioni. Degedege likapungua. Picha tukawekewa tarehe, ikaahirishwa, tukawekewa nyingine, mashine ikaharibika. Na mtoto alikuwa anacheza, basi nasi tukajisahau.

Alipotimiza miaka mitatu akaanza kutapika asubuhi. Anaamka ameshika kichwa kwa mikono miwili, anatapika, halafu kama vile hakuna kilichotokea anadai viatu vyake. Binti yangu alimrudisha kwa daktari yule. Aliporudi nyumbani hakuvua hata sare ya kazi, alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Daktari anaogopa kuna uvimbe, mama. Karibu na njia ya maji ya ubongo."

"Kichwa kina maji?"

"Kila kichwa kina maji. Yanazunguka, yanatoka. Uvimbe ukiziba njia yanajaa, yanakandamiza. Amesema macho ndiyo huumia kwanza, na yakishakufa hayarudi."

"Sasa wanangoja nini?"

"Picha. Hawawezi kumfungua mtoto kichwa kwa kubahatisha. Na ile mashine ya haraka imekufa tangu mwezi uliopita, wanasubiri kifaa chake. Imebaki ile kubwa, na hiyo mtoto lazima alale kabisa, nusu kaputi. Daktari wa usingizi wa watoto wanamwazima hospitali nyingine, anakuja Alhamisi moja tu kwa mwezi." Akafuta uso kwa kiganja. "Tumepata Alhamisi ijayo. Mama, tukiikosa hiyo sijui."

Alinikabidhi karatasi ya maelekezo, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na zamu ya alfajiri, angetukuta hospitali. Niliisoma kwa miwani, kidole chini ya kila neno. Mtoto asile chochote tangu usiku uliotangulia. Asivae kitu cha chuma. Dawa zake za kila siku apewe kama kawaida. Nikairudia mara tatu.

Nami nilitii, Mungu ni shahidi yangu. Jioni nilifungia mkate kabatini. Ndizi niliziweka juu ambapo hata mimi nazifikia kwa shida. Jirani anayempaga Bosi biskuti nilimwonya, akacheka, "Mwambie Bosi mwenyewe, mimi ananitisha." Asubuhi nilimwosha, nikamsuka upya bila vibanio, nikamvika gauni la vifungo vya mbao. Kisha nikampa dawa yake.

Dawa ile ni chungu. Ukimpa kwa maji anaitema ukutani. Kwa mwaka mmoja na nusu tulikuwa tunaisaga na kuikorogea kwenye kikombe cha uji mwembamba wenye sukari, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kwa kinywa chetu ilikuwa "dawa" tu. Bosi njoo unywe dawa. Bosi amemaliza dawa? Chakula kilikuwa kile kinachokuja baadaye, kwenye sahani. Basi nilimkorogea, akanywa yote, akanirudishia kikombe akisema, "Bosi mzuri," maana huwa ninamwambia hivyo. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Wala moyo haukunishtuka.

Hospitali tulipokewa vizuri, hilo nitalisema daima. Mpiga picha alikuwa kijana mrefu aliyevaa kandambili za plastiki. Aliona navuta mguu, akaniletea kiti kutoka ofisini kwake, akasimama yeye. Alichuchumaa mbele ya Bosi.

"Mimi ndiye mwenye hili dude. Wewe nani?"

"Bosi."

"Aa, kumbe mkubwa wangu ndiye wewe. Nilikuwa nangoja nisaini."

Bosi akamtazama juu mpaka chini, akamnyooshea kidole miguuni. "Viatu vibaya."

Tukacheka sote, hata binti yangu aliyekuwa amefika mbio na harufu ya sabuni ya mashuka. Sikuwa nimemwona akicheka wiki nzima.

Daktari wa usingizi alikuwa mzee kidogo, mpole, mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu kabisa na ngozi. Dawa yake ilikuwa tayari kwenye bomba la sindano, juu ya trei yenye kitambaa cha kijani. Aliuliza uzito, akauliza kama mtoto ana mafua, akauliza, "Hajala?"

"Hajala tangu jana jioni," binti yangu akajibu.

"Hata maji?"

"Hata maji. Dawa yake tu ya asubuhi."

"Ameinywa na nini?"

Nilikiona kikombe kile kama kimeshikwa mbele ya uso wangu, na nikajua kilichokuwa ndani yake. Binti yangu naye akageuka kunitazama, na niliona kwamba amejua wakati uleule. Akanisogelea, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu.

"Ni dawa, mama," alisema chini chini. "Kijiko tu. Sema na maji."

Sikumchukia kwa hilo, wala sitamchukia. Aliyekuwa anazama ni mtoto wake. Lakini yule mzee alikuwa ameuliza swali lake kama mtu mwenye sababu ya kuuliza, na alikuwa ananingoja mimi.

"Na uji," nikasema. "Kikombe kizima. Saa kumi na mbili na nusu."

Hakunikemea. Alilirudisha lile bomba kwenye trei taratibu na kulifunika.

"Bibi, mtoto akilala kwa dawa hii, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinapanda, kinaingia kwenye mapafu. Nilimpoteza mmoja hivyo nikiwa mgeni kazini, na mama yake aliniambia hajala." Akatazama saa. "Nahitaji masaa sita kamili. Itakuwa saa sita na nusu mchana. Saa tano nina mtoto mwingine mezani kule kwetu, kifua wazi. Siwezi kumwacha."

"Na ukirudi jioni?" mpiga picha akauliza.

"Jioni nitakuwa bado nimesimama palepale."

Binti yangu aliniachia mkono. Alama za vidole vyake zilibaki hapo mpaka siku ya pili.

Mpiga picha hakukubali kushindwa. Alisema tujaribu bila usingizi, wapo watoto wanaotulia wakishikwa na mtu wao. Akawa ananiuliza kila kitu cha chuma nilichonacho, nikatoa pini ya sketi na miwani. Akampashia Bosi blanketi joto, akamfunga kama mtoto mchanga, akamziba masikio kwa pamba na vizibo, nami akaniziba. Nililala kifudifudi kwenye kitanda cha ile mashine, nusu ndani ya bomba lake nusu nje, nimeishika miguu yake midogo, goti likiniwaka moto. Mashine ikaanza. Ilikuwa kama mafundi wanabomoa ukuta na wewe umo ndani ya ukuta. Nilimwimbia ingawa hakuweza kunisikia. Nilihisi vidole vyake vya miguu vikijikunja na kukunjuka mikononi mwangu, halafu mwili wote ukaruka, akaanza kupiga kelele.

Tulijaribu mara tatu. Mpiga picha alinionyesha kilichotoka. Kilikuwa ukungu, mistari juu ya mistari, kama mtu aliyepigwa picha akikimbia.

"Samahani, bibi," alisema, kama vile kosa ni lake.

Walitupa Alhamisi ya mwezi unaofuata. Daktari wa watoto aliposikia, alimpigia simu yule mzee wa usingizi, na mzee akakubali kuja siku yake ya mapumziko, ikawa siku kumi na tisa badala ya ishirini na nane. Watu hawa hawakutujua hata kidogo.

Nyumbani binti yangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema nami mambo ya lazima tu. Mama, sabuni imeisha. Mama, nachelewa leo. Dawa akaanza kumpa mwenyewe, kabla hajaenda zamu, na mimi nilikaa kitandani nikisikia wakipambana. Mara moja tu, akiwa anaanua nguo, alisema bila kunitazama, "Kumi na tisa si nyingi, eti?" Nikasema si nyingi. Akaendelea kukunja.

Siku ya tisa Bosi alikosea kushika kijiko. Siku ya kumi na mbili niliona analeta kila kitu karibu na pua, mwanasesere, kiatu, mkono wangu. Binti yangu alimpeleka, wakampa dawa ya kupunguza maji, wakasema akizidi tu aletwe hapohapo. Siku ya kumi na saba, saa nne asubuhi, milango yote iko wazi na jua limejaa sebuleni mpaka chini ya meza, Bosi alisimama katikati ya mkeka akasema, "Bibi, washa taa."

"Jua limewaka, mama," nikamwambia.

"Washa taa," akasema tena, amekunja uso, ananiamrisha.

Nilimbeba mgongoni, goti au si goti. Nilimpigia binti yangu njiani, nikasikia mashine za kufulia nyuma yake, kisha nikasikia simu imeanguka.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza tarehe. Mzee wa usingizi alikuja alasiri akiwa bado na alama ya kamba ya barakoa mashavuni. Tumboni mwa Bosi hakukuwa na kitu, maana alikuwa ametapika vyote. Alilala, akaingizwa kwenye lile bomba, na safari hii hakutikisika. Binti yangu na mimi tulikaa kwenye benchi moja, katikati yetu mkoba wake.

Daktari wa watoto alituita kwenye chumba chenye kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananiona ana kwa ana. Alituonyesha ubongo wa Bosi, wa kijivu, mzuri kama kitu kilichosukwa, na ndani yake vinundu vyeupe vimetapakaa huku na huku. Kandokando ya vyumba vya maji vilipangana vingine, na kwenye mlango wenyewe, mahali ambapo maji yanapaswa kupita, kulikuwa na uvimbe mkubwa kama korosho nzima. Vyumba vya maji vilikuwa vimevimba pande zote mbili.

"Hii picha imetupa jina," alisema. Akalitaja, refu, sikulishika, akaniandikia kwenye karatasi. "Ni ugonjwa wa kurithi. Unaotesha vinundu kwenye ubongo, ngozi, figo, popote. Huu mkubwa tunautoa leo, vingine tutavitibu kwa dawa na kuvipiga picha kila mwaka."

Kisha akawa ananitazama usoni kwa namna ambayo niliizoea nikiwa msichana.

"Bibi, unisamehe. Hivyo vipele vya puani na mashavuni unavyo tangu lini?"

"Tangu nivunje ungo. Shuleni waliniita Chenga, kama chenga za mchele. Havijawahi kuniuma."

"Naomba nione miguu yako."

Hakuniambia niinue. Yeye mwenyewe, na mwili wake ule, alipiga magoti, akanivua ndala, akaushika mguu wangu wenye vumbi la njiani kwenye kiganja chake. Kando ya ukucha wa dole gumba nina kinyama, huwa nakikata kwa wembe kikikua. Alikigusa taratibu. Halafu akamwomba binti yangu ageuke, akamulika mgongo wake. Alama nyeupe zilikuwapo mbili, ndogo, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe.

"Wengine ugonjwa huu unawagusa ngozi tu," alisema akiinuka kwa kushika meza. "Wengine unawashukia kichwani. Ni ugonjwa uleule. Nyinyi wawili nanyi nitawapiga picha, kichwa na figo."

"Kwa hiyo umetoka kwa mama," binti yangu akasema.

"Umepita kwa mama. Na kwako. Ulikotoka kabla ya hapo hatujui."

Walimpasua jioni ileile. Walitoa karibu uvimbe wote na kuweka kijimrija cha kupitisha maji. Aliishi. Kila mara ninapotaka kulia huanza kwa kusema hivyo, aliishi.

Mkwe wangu alifika siku ya tatu, hajalala, na mafuta ya gari kwenye mikono. Alisimama mlangoni mwa wodi. Mkono wake ulianza kupanda kuelekea kwenye paji la uso, ukaishia njiani, ukashuka. "Bosi," akasema, "gari limefika salama." Mtoto alitabasamu, akageuza kichwa kuitafuta sauti, akatazama ukutani.

Wiki iliyofuata daktari wa watoto alimpima macho kwa tochi. La kulia halikujibu kitu. La kushoto liliona mwanga na kivuli, akasema huenda likabaki hivyo, huenda likapungua, kuongezeka tusitarajie. Alipokuwa anafunga faili nilimuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo siku zote kama kaa la moto.

"Kama nisingempa ule uji, daktari. Angekuwa anaona?"

Angeweza kusema hapana, na mimi ningemwamini. Alivuta kiti akakaa, akawa sawa nami.

"Alhamisi ile macho yake yalikuwa bado yana uhai. Kama tungeiona picha siku hiyo, nadhani tungewahi. Sina hakika, bibi, lakini nikikwambia haingebadilisha kitu nitakuwa nimekudanganya." Akaniwekea mkono juu ya mkono. "Na kama ungenyamaza akalazwa na tumbo limejaa, pengine leo tusingekuwa na mtoto wa kumzungumzia. Hilo nalo sina hakika nalo."

Nikamshukuru. Sijui kwa nini, lakini nilimshukuru kwa dhati, na yeye alielewa.

Binti yangu alikuwa amesimama dirishani, amempa daktari mgongo. Tulipobaki wenyewe alizungumza.

"Mama, kila siku najaribu kukulaumu. Nikifika kwenye uji, nakumbuka mimi ndiye niliyekuminya mkono useme uongo. Nikifika hapo naanza upya."

"Nilaumu tu, mwanangu. Mimi nitabeba."

"Sitaki ubebe. Nataka aone. Nataka aone tu, mama. Basi."

Nilimfungia mkoba wake, nikakunja blanketi, nikamvalisha Bosi soksi. Tuliruhusiwa saa tisa. Mkwe wangu alitangulia kuleta gari mlangoni, sisi tukapita kwenye ukumbi mrefu hadi kwenye ngazi za nje. Bosi hakutaka kubebwa. Alisimama juu pale, mguu mmoja hewani, akiutafuta mwisho wa sakafu kwa kidole cha kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimwona anaogopa.

"Shika mkono wake wa kulia," binti yangu akaniambia. "Upande huo haoni kabisa."

Nikaushika. Yeye akashika wa pili.

"Kuna ngazi, mama," akamwambia mtoto. "Ya kwanza hii hapa. Shusha mguu."